Sauti Iliyopanda

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele, upande wa kushoto wa fremu ya chuma. Mtu mwingine angedhani ni mkwaruzo wa rangi. Mimi nimefungua piano za watu kwa miaka arobaini na mmoja. Mkwaruzo naujua na ufa naujua. Nilichukua penseli nikachora kistari pale ufa ulipoishia, nikaandika tarehe kando yake, kisha nikamwambia mpwa wangu kwamba kazi ya leo imekwisha.

Niseme mapema ili tusisumbuane. Ndani ya piano kubwa kuna nyuzi za chuma zaidi ya mia mbili, na zote kwa pamoja zinaivuta ile fremu kwa nguvu ya tani karibu ishirini. Ni uzito wa lori lililojaa mchanga. Watu huiona piano inang'aa, wakaweka juu yake chombo cha maua na picha ya harusi, hata hawajui wameyaweka maua juu ya kitu gani. Fremu ikiwa nzima, haina neno. Ikiwa na ufa, unazilegeza nyuzi ili ipumzike. Mpwa wangu alikuwa anataka nizikaze.

Huyu mpwa wangu ndiye yule mpiga piano na mtunzi ambaye watu wa redio hawajui wamweke fungu gani. Alisomea muziki wa karatasi mpaka akapewa vyeti, halafu jazi ikamteka. Juu ya hayo ana meza imejaa nyaya na kompyuta, na chini ya yote anaweka nyimbo za zamani, za kutwanga, za kubembeleza watoto. Nilimwambia siku moja kwamba muziki wake ni kama mtu aliyevaa suti, ndara na kofia ya pikipiki. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Lakini Mjomba, mtu huyo anafika aendako." Ni kweli, anafika. Nikimsikia akipiga huwa najikuta nimesimama katikati ya karakana yangu na koleo mkononi, sijui nilikuwa nafanya nini.

Mimi ndiye niliyemlea. Piano yake ya kwanza niliitoa kwenye jalala la shule nikaifufua, na hii ya sasa pia niliifufua, kwa mikono hii hii. Alikuwa ameiweka katika ghala lililokuwa la kiwanda cha uchapaji, chumba kirefu chenye madirisha juu karibu na dari, na sakafu iliyokunywa wino mweusi kwa miaka mingi. Humo ndimo alimotunga kazi yake kubwa, ile ya kuonyeshwa Jumapili saa tisa alasiri mbele ya watu mia nane. Na kazi hiyo nzima ilisimama juu ya kaseti moja.

Kaseti ni ya dakika sita. Dada yangu, mama yake, anatwanga uani na kuimba. Mchi unapiga, yeye anaimba, na nyuma yao anacheka mtoto wa miaka mitatu, ambaye ndiye mpwa wangu. Miezi minne baadaye dada alikuwa kaburini. Picha zake zipo mbili. Sauti ni hiyo moja, hakuna nyingine duniani.

Sasa, katika kaseti hiyo sauti inapanda. Dada anaanza mahali fulani, na polepole, bila wewe kuona hatua, anajikuta juu zaidi, na mchi nao unazidi kasi. Wimbo ukiisha yuko juu hatua nzima kutoka alipoanzia. Siku mpwa wangu alipoligundua hilo alinijia mbio karakanani, machozi yakimlengalenga.

"Mjomba, umewahi kusikia kitu kama hiki? Nimepima kwenye kompyuta. Anapanda mwanzo mpaka mwisho, taratibu, hatelezi hata mara moja! Sisi wenye vyeti hatuwezi. Alikuwa anaimba hivi siku zote?"

Nilikuwa nimemgeuzia mgongo, natafuta koleo kwenye droo.

"Ndiyo," nikasema. "Dada alikuwa anapanda."

Maneno manne tu. Koleo lenyewe lilikuwa mfukoni mwangu.

Ukweli ni betri. Betri zikiwa hoi, mkanda wa kaseti unajikokota wakati wa kurekodi. Ukija kuupiga baadaye kwenye mashine nzima, unakwenda kasi kuliko ulivyorekodiwa, na sauti ya mtu inakuwa juu na nyembamba. Na kadiri betri zinavyokufa ndivyo sauti inavyozidi kupanda. Dada hakupanda hata unyoya. Aliimba pale pale, kwa sauti yake nzito ya kifuani, mwanzo mpaka mwisho.

Na betri ni mimi. Dada alijua kwamba anaumwa ugonjwa usiopona. Aliniagiza betri mpya, akaniambia, "Ndugu yangu, nirekodi, mtoto asije akanisahau." Nikazinunua. Jioni kulikuwa na mpira, nikazitia kwenye redio yangu nisikilize. Timu yetu ilifungwa, na nikasinzia redio ikinguruma mpaka asubuhi. Kesho yake nilizitia zile zile kwenye kinasa sauti, nikajiambia zitatosha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na akili za kuku. Nilipokuja kuisikiliza kaseti, dada hakuwa na pumzi ya kuimba tena. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote, kwa miaka thelathini na mitatu.

Mwisho wa kaseti kuna jambo jingine. Wimbo unapokoma, betri ziko kufani kabisa, na kijana mmoja anasikika karibu na kinasa akisema, "Endelea, dada, endelea kidogo." Sauti yake nyembamba, kama ya mtoto wa shule.

"Huyu kijana ni nani?" mpwa wangu aliniuliza.

"Mtoto wa jirani," nikasema.

Alikuwa mimi.

Mtu atauliza, kwa nini asiishushe sauti kwenye kompyuta ikafuata piano? Nami nilimwuliza, kwa ujanja, nikijifanya nasema mambo ya ufundi tu. Alinitazama kama niliyemtukania mama, na labda ndivyo nilivyofanya.

"Fidla naikata vipande, mchi naugeuza ngoma, sauti yangu mwenyewe naigeuza buibui nikitaka. Mama haguswi. Piano ndiyo itakayomfuata mama."

Basi piano ikamfuata. Nyuzi nene za chini zifuate mwanzo wa wimbo, za katikati zifuate katikati, na zile fupi za juu zipande hatua nzima, ili mikono yake ikisafiri kutoka kushoto kwenda kulia iwe inapanda pamoja na mama. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Nyuzi hazikazwi kwa pupa, unazivuta kidogo, unaiacha fremu izoee, unarudi. Kila Jumanne na kila Ijumaa nilikuwa humo na ufunguo wangu wa kukazia, nimeinama, nasikiliza kaseti kwenye spika, na dada yangu ananiimbia kwa sauti isiyo yake huku mimi nikiivuta piano kuifuata.

Na kila mara, kabla ya kufunga, nilimulika tochi. Ijumaa ya kwanza ufa ulikuwa umepita kistari kwa upana wa punje ya mchele. Nikachora kistari cha pili. Jumanne, cha tatu. Piano ikaanza kulia yenyewe: umekaa, hakuna aliyeigusa, jua la mchana limelipasha bati la ghala, mara unasikia ndani yake *tik*. Kisha kimya. Kisha *tik*. Mpwa wangu alipenda mlio huo, akaurekodi.

Nilimwambia kuhusu ufa. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii.

"Fremu ina ufa," nilisema. "Haipendi huku kupanda."

"Mkubwa?"

"Mdogo."

"Basi ivumilie mpaka Jumapili, Mjomba. Ikishamaliza nitailegeza mwaka mzima, ilale kama mzee wa pensheni." Akanipiga begani. "Umeifufua wewe. Haiwezi kuniangusha."

Nilicheka. Ningeweza kumwambia, ishushe piano, sauti hiyo si ya mama yako, ni ya betri. Sentensi moja ingezilegeza nyuzi zote mia mbili. Lakini ningemnyang'anya wimbo wake wote siku chache kabla ya onyesho, na angenijua mimi ni nani. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonifunga mdomo. Nadhani najua.

Mkewe ndiye aliyenusa. Ni mpiga fidla, mwanamke wa maneno machache, na masikio yake yananitisha. Ijumaa ya mwisho alinifuata nje nilipokuwa nanawa mikono kwenye bomba.

"Mjomba, shikamoo tena."

"Marahaba. Unanisalimia mara mbili, una shida?"

Hakucheka. "Kuna mahali mama anakohoa, dakika ya tano. Umepasikia?"

"Alikuwa anaumwa, mwanangu."

"Anakohoa mara mbili kwenye ile kaseti. Mwanzo, na pale. Kikohozi cha pili kiko juu kuliko cha kwanza." Alifunga bomba, maana mimi nilikuwa nimeliacha wazi. "Mtu anaweza kuimba huku akipanda. Lakini kukohoa, Mjomba?"

Nilisema lolote lililonijia, kwamba kifua kikibana kikohozi hubadilika. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sijamwambia. Nilidhani ni vizuri wewe ndiye umwambie." Akarudi ndani, na mimi nikabaki nimeshika taulo.

Jioni hiyo sikula. Niliapa, Jumamosi asubuhi nitasema. Nitazilegeza nyuzi kwanza, kisha nitasema. Nilipanga hata maneno, nikayarudia mbele ya kioo nikinyoa.

Jumamosi nilifika saa tatu asubuhi na nikakuta wamekwisha kuanza. Mkewe alikuwa mwisho wa chumba anapaka ulimbo upinde wa fidla yake. Mpwa wangu alikuwa amevua shati, kabaki na fulana, amefurahi kama mtoto siku ya kufunga shule. Kifuniko cha piano kilikuwa wazi. Juu ya kiti kulikuwa na ufunguo wa kukazia, ule wa akiba, niliompa mwenyewe alipotimiza miaka ishirini.

"Mjomba! Njoo usikie. Za juu zilikuwa zimeshuka kidogo, nimezipandisha mwenyewe alfajiri. Na nimezidisha unywele tu, maana mama mwisho kabisa yuko juu kuliko tulivyodhani."

Nilimulika tochi. Ufa ulikuwa umevipita vistari vyote na kuzunguka ukingo wa nguzo ya fremu, sikuweza kuona unakoishia.

"Usiiguse," nikasema. "Toka hapo. Nina jambo nataka kukwambia, kuhusu ile kaseti."

"Niambie baada ya kusikia."

"Sasa hivi."

"Dakika sita tu, Mjomba! Sikiliza kwanza, halafu sema hata siku nzima."

Na mimi nikanyamaza. Hili ndilo ninaloamka nalo kila siku. Sikukatizwa maneno na mtu, niliombwa kusubiri na nikafurahi kusubiri. Moyo wangu ulishuka chini kwa raha kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu hajaja. Dakika sita, nikajiambia. Imevumilia wiki tatu.

Akabonyeza. Mchi ukaanza kupiga, kwanza ule wa uani, halafu ule alioufanya ngoma, mzito, ukitetemesha vioo vya juu. Dada yangu akaimba. Fidla ikaingia chini yake kama uzi mwembamba, na piano ikamjibu kutoka kushoto. Nilisimama nikiwa nimesahau tochi inawaka. Sitasema uongo mwingine: ilikuwa nzuri. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyosikia maishani, na kila kipande chake kilitokana na uzembe wangu.

Mikono yake ikasafiri kwenda kulia. Mama akapanda, naye akapanda. Walipokaribia mwisho akafanya alichopenda kufanya, akasimama, mkono wa kushoto ukibaki kwenye vibonyezo, akainama ndani ya piano na kuzikwangua nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia.

"Toka!" nikapiga kelele.

Aligeuza uso kunitazama. Hilo ndilo lililomwokoa macho.

Fremu ilipasuka kwa mshindo mmoja, kama bunduki iliyofyatuliwa ndani ya pipa. Kisha nyuzi. Zilikatika kwa mafungu, zikipiga kelele zote kwa wakati mmoja, na piano nzima ikajikunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Mpwa wangu alikuwa ameketi sakafuni kwenye wino wa zamani, akiutazama mkono wake wa kulia. Alikuwa hajaanza kulia. Alikuwa anashangaa tu. Kwenye spika, wimbo ulikuwa umekwisha, na kijana mwenye sauti nyembamba akasema, "Endelea, dada, endelea kidogo."

Hospitalini waliunganisha vidole walivyoweza kuviunganisha. Cha kati na cha pete havikunjiki tena, na daktari alisema kwa upole kwamba havitakunjika. Onyesho halikuwepo. Watu mia nane walirudi makwao.

Nilimwambia siku ya kumi na tisa, nyumbani kwake, mchana kweupe. Alikuwa kitandani, mkono umefungwa na kuinuliwa juu ya mto, mkewe kaketi miguuni. Nilisema kila kitu: betri, mpira, koleo, mtoto wa jirani. Nilidhani atanifukuza, na nilitamani anifukuze. Alisikiliza huku anatazama ukuta.

"Kwa hiyo sijawahi kumsikia," akasema mwishowe.

"Unaweza kumsikia. Mkeo anaweza kuirudisha chini."

Alinyoosha shuka kwa mkono wa kushoto. Yeye aliyesema mama haguswi. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Mkewe akaleta kompyuta na spika ndogo. "Nitajuaje pa kusimama?" akaniuliza. "Nishushe kiasi gani?"

Nikamwambia anitumie mimi. Akatafuta ile sehemu ya mwisho, na mimi, mzee mzima, nikakaa kwenye kigoda nikasema kwa sauti yangu, "Endelea, dada, endelea kidogo." Akashusha. Nikasema tena. Akashusha tena. Mara ya tano yule kijana akawa ana kifua, mara ya saba alikuwa mimi, nikiwa mdogo, lakini mimi. Mpwa wangu akageuka kutoka ukutani akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Baada ya hapo mkewe alijua kazi. Alikwenda nyuma kipande kwa kipande, akishusha kadiri kaseti ilivyokuwa imepandisha, akivitumia vile vikohozi viwili kama vipimo. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha akaanzisha mwanzo.

Mchi ukapiga polepole. Dada yangu akaimba.

Nilikuwa nimesahau. Miaka thelathini na mitatu nilidhani naikumbuka sauti ile na kumbe nilikuwa nimeisahau kabisa: nzito, yenye mikwaruzo kidogo chini, iliyokaa mahali pamoja bila haraka. Nililia bila kujificha. Mkewe naye alifunika mdomo, kwa sababu ilikuwa sauti ya mumewe, ile ile, isipokuwa tu ni ya kike. Aliimba dakika sita na zaidi na hakupanda hata mara moja.

Ilipokwisha tukamgeukia mpwa wangu. Uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa ameikunja shingo kidogo, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mgeni na anajaribu kumkumbuka kwa adabu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mama yako," nikasema.

Alisikiliza ule ukimya wa spika. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, bila hasira, na hapo tu ndipo machozi yalipomtoka.

"Huyu simjui, Mjomba. Nirudishie mama."

Mkewe alinitazama mimi, mkono wake hewani. Sikutaka afanye yeye. Niliinuka kwenye kigoda, nikaitoa ile safi, nikaweka ile iliyoharibika, nikabonyeza mwenyewe. Akafumba macho, na vidole vitatu vilivyobaki vizima vikaanza kucheza juu ya mto, kutoka kushoto kwenda kulia.